Silvia S15: tazama bodi kwanza, injini baadaye

Msomaji wa Arusha ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina miaka 31, nimeajiriwa, na tangu kidato cha pili picha ya Nissan Silvia S15 ilikuwa imebandikwa ndani ya kifuniko cha tranka langu la shule. Sasa nimejikusanya. Nimeona mbili zinauzwa Japani, zote za 1999. Moja ni Spec R, tabo imebadilishwa, imeshushwa chini, ina rimu pana, na muuzaji anasema inatoa hospawa 350. Nyingine ni Spec S isiyo na tabo, haijaguswa, bei yake iko chini kwa karibu theluthi moja. Rafiki zangu wote wanasema kununua S15 bila tabo ni kuitia aibu. Naomba unieleze kwa undani gari hili ni nini hasa, na ungekuwa wewe ungechukua ipi."

Marahaba, mdogo wangu. Jibu nalitanguliza ili usisome ukiwa na kihoro: ningechukua ile Spec S ambayo haijaguswa, endapo bodi yake imenyooka. Na kama moyo wako hautatulia bila tabo (ile feni inayosukumia injini hewa zaidi), subiri mpaka upate Spec R iliyo kama ilivyotoka kiwandani, hata kama itakuchukua mwaka mzima. Ile ya hospawa 350 ningeiacha. Rafiki zako wanaitazama injini, na injini ndicho kitu rahisi kuliko vyote kurekebisha kwenye gari hili. Ili unielewe inabidi nianzie mbali kidogo.

Jina Silvia ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Silvia za kwanza zilitoka katikati ya miaka ya 1960, zikiwa kazi ya mikono zaidi kuliko ya mashine, na zilikuwa 554 tu. Jina likalala, likaamshwa 1975, na tangu hapo likaendelea kizazi baada ya kizazi. Kilicholijenga kwa vijana wa Japani ni S13 ya mwaka 1988: kupe ndogo ya milango miwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na bei ambayo kijana mwenye kazi yake ya kwanza aliweza kuimudu. Kisha 1993 ikaja S14, na hapo Nissan wakakosea hesabu. Waliitanua hadi milimita 1,730. Kwetu sisi nyongeza hiyo si kitu, lakini Japani magari yanagawanywa kwa ukubwa: likizidi upana wa milimita 1,700, gari linatoka kundi la magari madogo, ambalo namba zake huanza na 5, na kuingia kundi la 3. Wateja wakaona Silvia yao imenenepa. Wakati huohuo uchumi wa Japani ulikuwa umepoa, na vijana walikuwa wanahamia magari ya familia na yale marefu ya kupandia milima. Kupe zikaanza kukosa wanunuzi, moja baada ya nyingine.

S15 ilizinduliwa Januari 1999 ikiwa jibu la kosa hilo. Wahandisi waliirudisha chini ya mstari: upana milimita 1,695, urefu 4,445, kimo 1,285. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma waliuacha palepale pa S14, milimita 2,525. Miezi miwili baadaye, Machi 1999, Nissan iliyokuwa imeelemewa na madeni ilisaini ushirika na Renault ya Ufaransa. Nakutajia jambo hili kwa sababu linaeleza tabia ya gari lenyewe. S15 ni kazi ya watu waliokuwa hawana fedha za kuanza upya. Injini ilikuwa ya zamani, mpangilio wa chini ulikuwa wa zamani, kwa hiyo nguvu zao zote zikaenda kwenye kukaza, kupunguza na kusafisha kile walichokuwa nacho. Mimi naamini ndiyo maana linaendeshwa vizuri vile. Halina kitu cha majaribio ndani yake.

Lilitengenezwa kwa miaka mitatu na nusu tu. Agosti 2002 utengenezaji ukasimama kwa sababu ya masharti mapya ya moshi nchini Japani, ambayo injini ile ya zamani isingeyatimiza bila gharama kubwa. Mwezi huohuo na Skyline GT-R R34, gari lingine la mbio la Nissan, ikasimamishwa. Tangu hapo hakuna Silvia nyingine iliyofuata. Nje ya Japani S15 iliuzwa rasmi Australia na New Zealand, ikiitwa 200SX, na haikuwahi kutoka kiwandani ikiwa na usukani wa kushoto. Kwa barabara zetu hiyo ni bahati njema.

Sasa tuingie ndani. S15 zote zina injini ya familia moja, SR20: silinda nne, sentimita za ujazo 1,998, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86 vilevile. Bloku ni ya aluminiamu yenye mikono ya chuma ndani, valvu 16, kamshafti mbili juu, na taimingi yake ni ya cheni, siyo mkanda. Spec R inabeba SR20DET yenye tabo: hospawa 250 kwa mizunguko 6,400, na nguvu ya kuzungusha nyutoni mita 275 kwa mizunguko 4,800. Tabo yenyewe inazunguka juu ya beringi za gololi, kwa hiyo inaamka mapema kuliko tabo nyingi za wakati ule. Spec S inabeba SR20DE inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe: hospawa 165. Hesabu hizo ni za gia za mkono. Otomatiki ya gia nne ilipunguziwa, Spec R ikawa na 225 na Spec S ikawa na 160, na kwa gari la namna hii sikushauri otomatiki kabisa.

Tofauti haiishii kwenye tabo. Spec R ina gia sita za mkono, Spec S ina tano. Spec R ina kaliba za breki za mbele zenye pistoni nne, Spec S ni za kawaida zenye pistoni moja. Difu ya Spec R ya gia za mkono inagawa nguvu kwa gia za ond, yaani tairi moja ikikosa mshiko, nyingine inaendelea kusukuma. Bodi yake imeongezewa vikazio, ukiwamo mhimili unaounganisha vichwa vya shokapu za mbele. Pembeni ya kioo cha mbele, juu ya nguzo, nyingi zina geji ndogo ya kuonyesha mgandamizo wa tabo. Uzito wa Spec R ni takriban kilo 1,240, wa Spec S kama 1,200.

Yapo na matoleo ya kando ambayo pengine utakutana nayo mnadani. Varietta lina paa la chuma linalojikunja lenyewe na kuingia kwenye buti. Yalitoka machache, zaidi kidogo ya elfu moja, na hayana tabo. Lipo pia lile la Autech, kampuni ya Nissan ya kuboresha magari, halina tabo lakini injini yake imepigwa msasa mpaka ikafika hospawa 200 kwa gia sita. Hilo la mwisho, ukiliona limenyooka na bei inavumilika, nipigie simu hata usiku.

Kilicholipa gari hili jina duniani ni mchezo wa kuteleza kwa makusudi, ule wanaouita drifti. Gari fupi, jepesi, lenye injini mbele na msukumo nyuma, usukani mwepesi kusoma, ndilo hasa mchezo ule unalolitaka. Mashindano ya D1 ya Japani yalipopata bingwa wake wa kwanza wa msimu mwaka 2001, alikuwa Nobuteru Taniguchi, naye alikuwa kwenye S15. Sifa hiyo ndiyo iliyoibandika picha ndani ya tranka lako. Lakini fikiria upande wa pili wake. S15 zilizobaki duniani ni chache, na katika hizo chache nyingi zimeshateswa: zimegonga kuta, zimepandishwa juu ya kingo za njia, zimekatwa matao ya magurudumu ili rimu pana ziingie, zimechomelewa difu, kisha zikapakwa rangi mpya na kurudishwa sokoni. Muuzaji akikuambia "imeshushwa chini, ina rimu pana, ina hospawa 350", masikioni mwangu anakuambia gari limetumika kwa kazi gani.

Miaka michache iliyopita mteja aliniletea Spec R ya bluu, nzuri mpaka watu wa gereji ya jirani walikuja kuitazama. Tatizo lake lilikuwa dogo: ilikuwa inavuta kushoto na kula tairi upande wa ndani. Alikuwa ameshabadilisha tairi mara mbili na kufanya alaimenti mara nne. Tulipoipandisha na kupima mshazari, kutoka tundu la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha kinyume chake, tukapata tofauti ya milimita 17. Reli ya mbele kushoto, yaani mhimili wa bodi unaoshika injini, iliwahi kupinda, ikachomwa moto ikavutwa, halafu ikapakwa puti na rangi nyeusi juu. Injini yake ilikuwa nzima kabisa, mgandamizo wa silinda zote nne unalingana. Ningempa nini yule kijana? Injini mbovu ningemtengenezea. Reli iliyochomwa moto imepoteza ugumu wake, na hata ukiivuta ikanyooka kwa macho, siku atakapogonga tena haitamlinda. Alilia, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa ukweli.

Kwa hiyo ukaguzi wako uanze chini na uende juu. Tazama reli mbili za mbele zinazoshika injini: ziwe na mikunjo na nukta za kuchomelea za kiwandani, zilizopangika kwa nafasi sawa. Ukiona uso laini ulio kama umepakwa plasta, hapo pana habari. Tazama vichwa vya shokapu ndani ya boneti, pale bati mbili zinapokutana, kwa sababu ndipo maji yanapokaa na kutu inapoanzia. Tazama kingo za chini ya milango, zile sehemu za kuwekea jeki. Gari lililotumika uwanjani hupigwa jeki mara nyingi mpaka zinabonyea. Inua zulia la buti utazame kisima cha tairi la akiba. Tembeza mkono ndani ya matao ya nyuma usikie kama ukingo umekunjwa au umekatwa. Kisha fungua na kufunga milango yote miwili taratibu. Mlango wa kupe ni mrefu na mzito, na kwenye bodi iliyopinda utakuonyesha kwa kukwama au kwa mwanya usiolingana.

Wewe upo Arusha na gari lipo Japani, kwa hiyo macho yako ni karatasi ya mnada. Isome yenyewe, usisomewe na wakala. Daraja 4 na 4.5 ni nzuri kwa gari la umri huu, 3.5 inavumilika ukijua kwa nini, na R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya kupigwa puti au kupakwa rangi upya, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na XX ni bati lililobadilishwa. A nyingi zisikutishe. W moja kwenye kona ya mbele iliyo karibu na reli inanitisha zaidi kuliko A kumi. Omba picha za chini ya gari, na namba ya chasi iliyogongwa kwenye ukuta wa injini. Kwa namba hiyo katalogi ya spea ya Nissan huonyesha gari lilizaliwa likiwa Spec gani, maana wapo walioipandikiza Spec S tabo wakaiuza kwa jina la Spec R. Huyo hawezi kukuficha kila kitu: mara nyingi breki za mbele zinabaki zile za pistoni moja, au geji ya kwenye nguzo haipo.

Tuje kwenye ile hospawa 350, kwa sababu nataka uelewe siyo uoga unaonisemesha. SR20DET inaweza kubeba 350. Ni injini imara, na kufika hapo kwa tabo kubwa kidogo, nozeli kubwa za mafuta na kompyuta iliyopangwa upya si muujiza. Suala ni petroli. Fundi wa Japani anapopanga kompyuta ile, anatumia petroli yao ya daraja la juu ambayo kwa kawaida ina oktani 98 hadi 100, oktani ikiwa kipimo cha petroli kustahimili bila kujilipukia. Anausogeza mwako mbele mpaka karibu na ukingo, kwa sababu petroli yake inamruhusu. Gari hilohilo likishuka Dar es Salaam na kujazwa petroli ya vituo vyetu, ambayo oktani yake iko chini ya hapo, mchanganyiko unajilipukia kabla ya wakati wake. Utasikia mlio kama vijiwe ndani ya kopo ukipanda mlima kwa gia ya juu. Mlio huo ni pistoni inapigwa nyundo. Gari la kiwandani lina kihisi cha mlio huo, na kompyuta yake inarudisha mwako nyuma yenyewe. Utapoteza hospawa kadhaa, injini itapona. Iliyopangwa upya mara nyingi haina huruma hiyo.

Ndiyo, unaweza kumtafuta mtu wa kuipanga upya kwa petroli yetu. Lakini ili afanye hivyo lazima ujue ni kompyuta gani imefungwa, nozeli za ukubwa gani, tabo gani, pampu gani ya mafuta. Mwulize muuzaji wako maswali hayo manne. Asipokuwa na karatasi, ujue unanunua kazi ya mtu usiyemjua, iliyofanywa kwa petroli usiyonayo.

Kuna jambo moja linaloelemea upande wa rafiki zako, na sitalificha. Arusha mpo juu, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa yenu ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko ya Tanga au Dar. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo, basi. Zile hospawa 165 za Spec S kwako zitakuwa kama 143. Tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuzunguka kasi zaidi. Kwa mtu wa Mombasa nisingeitaja hoja hii kabisa. Kwako ina uzito, na ndiyo maana nimesema Spec R ya kiwandani isubiriwe, sikusema isahauliwe.

Hata hivyo jiulize utaliendesha wapi. Gari hili halina mfumo wa kompyuta wa kulizuia lisiserereke. Lina ABS kwenye breki, ya kuzuia tairi zisijifunge, mengine ni mguu wako. Hospawa 250 kwenye magurudumu ya nyuma ya gari la kilo 1,240, Machi mvua ikiwa imeanza na lami ina matope ya matrekta, si mahali pa kujifunzia. Spec S inakuruhusu kutumia gari lote. Unazungusha injini mpaka juu, unabadilisha gia, unaingia kwenye kona ya Usa River ukiuhisi uzito ukihama kutoka tairi za mbele kwenda za nyuma, na bado hujavunja sheria ya mtu. Wahandisi wale walilitengenezea gari wepesi huo, na upo kwenye Spec zote mbili. Anayesema S15 bila tabo ni aibu nadhani hajawahi kuliendesha. Na matuta yenu ya njia ya Moshi yatakufundisha haraka kwa nini gari lililoshushwa chini si lako.

Udhaifu wa kimakanika ni mchache, lakini ujue ulipo. Gia boksi ya gia sita ya Spec R imetengenezwa na Aisin, ni ya ukoo mmoja na ile ya Toyota Altezza na ya Mazda MX-5. Inabadilika kwa utamu, lakini haikukusudiwa nguvu nyingi. Kwenye gari la hospawa 350 lililokuwa likipigwa klachi uwanjani, ningetarajia sauti za kusaga kwenye gia ya tatu. Boksi ya gia tano ya Spec S ni sahili zaidi na haina makuu.

Ndani ya kichwa cha injini, roka za SR20 hazikufungwa kwa bolti. Zimekaa tu, upande mmoja juu ya kisukuma cha oili na mwingine juu ya valvu, zikishikwa na mgandamizo wenyewe. Dereva akikosea gia, akitaka kushuka kutoka ya nne kwenda ya tatu akaingiza ya pili, injini inazunguka kupita kiasi, valvu zinaelea, na roka inaruka kutoka mahali pake. Kompyuta haiwezi kuzuia hilo, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini iliyopatwa na hayo hubaki na mlio wa kugongagonga juu, au inakosa silinda moja.

Iwashe ikiwa baridi. Cheni ikilia kwa sekunde chache kisha ikanyamaza oili ikishapanda, si neno. Ikiendelea kulia, kikazio chake kimechoka. Mlio kama wa dizeli injini ikiwa moto imetulia, upande wa mbele, mara nyingi ni kile kifaa cha kubadili taimingi ya kamshafti ya kuingiza hewa. Koili za plagi zimekaa juu ya moto kwa miaka zaidi ya 20, kwa hiyo tenga fedha za kuzibadili. Vilevile rejeta, ambayo vichwa vyake vya plastiki vinapasuka kwa uzee, na mipira yote ya maji. Moshi wa bluu baada ya kusimama kwenye foleni kisha kukanyaga: kwenye Spec R ishuku tabo, kwenye Spec S ishuku sili za valvu.

Spea za matumizi ya kila siku hazitakuumiza kichwa. Fundi aliyezilea Primera, Bluebird au Serena zenye SR20 anaijua familia hii, na Gerezani pale Kariakoo utapata filta, plagi na baadhi ya vitu vya ndani. Uwe mwangalifu tu, maana Primera na Bluebird zinavuta kwa magurudumu ya mbele, na mabomba, sampu na mashikio yake ni mengine. Taa, bampa, kioo, dashibodi na pambo lolote lenye umbo la S15 ni la kuagiza Japani, na bei zake sasa si za mzaha. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka gari ambalo halijaguswa: vipande vyake vya asili vyote vipo.

Bei utaiona imepanda, na chanzo chake kipo Marekani. Sheria yao inaruhusu gari ambalo halikuuzwa kwao liingie likitimiza miaka 25 tangu litengenezwe. S15 za kwanza, zile za Januari 1999, zilifikisha umri huo Januari 2024, na sasa Mtanzania anashindana mnadani na mnunuzi wa California. Magari ya 1999 uliyochagua ndiyo hasa wanayoyatafuta. Tazama na yale ambayo hayajafikisha miaka 25, mashindano huko ni madogo kidogo.

Juu ya bei hiyo kuna kodi, na hapa watu wengi huanguka. Tanzania haijafunga mlango kwa umri wa gari dogo kama Kenya, ambako lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza halipokelewi, au Uganda walioweka ukomo wa miaka 15. Sisi tunatoza uchakavu. Chukua mfano wa gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 40 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 10. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi ujazo wa 2,000 ni asilimia 5 ya jumla hiyo, milioni 2.5. Uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30 ya jumla ileile, milioni 15. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote, milioni 12.15. Umeongeza milioni 39.65, kabla ya tozo ndogondogo na usajili. Yaani unalinunua gari mara mbili. Na TRA wana thamani yao wenyewe kwenye kikokotoo, hawalazimiki kufuata risiti yako, kwa hiyo pitia pale kabla ya kupandisha bei mnadani. Bajeti ya kila Juni nayo inaweza kubadili viwango.

Weka hesabu hiyo pembeni ya zile gari mbili utaona kitu. Theluthi unayookoa kwa kuchukua Spec S inaokoka mara mbili, kwenye bei na kwenye kodi. Fedha hiyo inatosha tairi nzuri, bushi mpya chini kote, shokapu, koili, rejeta, na akiba inabaki.

Usitume hata shilingi leo. Nitumie karatasi ya mnada ya ile Spec S, namba ya chasi, na picha sita: reli ya mbele kulia, reli ya mbele kushoto, vichwa viwili vya shokapu, kisima cha tairi la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa dereva. Wakala akisema hawezi kupiga picha za chini, badilisha wakala.